Chawa na Mwenye Kichwa

Miongoni mwa matusi yaliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kuenea upesi hata yakawa mali ya kila msemaji wa Kiswahili aliye na simu mkononi, silijui lililobuniwa kwa uangalifu kuliko tusi la chawa. Wala silijui, kwa bahati mbaya, linalotumiwa leo kwa uzembe kuliko hilo. Toleo hili limekusanya makala zinazohusu sifa na madaraka, yaani jinsi wakubwa wanavyosifiwa na jinsi wasifuji wao wanavyolipwa, na katika kuzisoma niliona kwamba waandishi wetu, wazee kwa vijana, walilitegemea neno hilo moja kana kwamba lilikwisha kuthibitisha yale hasa yaliyotakiwa kuthibitishwa. Kwa hiyo naomba ruhusa ya wasomaji nilipekue kidogo kabla hawajaingia katika makala zenyewe.

Aliyelibuni, awaye yote, alimjua mdudu wake. Chawa hana mbawa, kuchupa hawezi, na mwendo wake akiwa sakafuni ni wa kuhurumiwa. Lakini amejaliwa miguu sita yenye kucha zilizopinda kwa kipimo cha unywele wa binadamu, na akishika haachii. Hula damu mara kadhaa kwa siku, na akitengwa na kichwa alichokizoea hufa kwa siku moja au mbili, tofauti na kupe, ambaye huweza kufunga miezi akingoja ng'ombe wa kupita. Sasa mtazame kijana anayefuatana na mwanamuziki mashuhuri, anayembebea begi, anayecheka kabla mzaha haujaisha, anayewatukana mahasimu wa bwana wake kabla bwana mwenyewe hajaamka, na ambaye chakula chake, nauli yake na kodi ya chumba chake hutoka katika mfuko ule ule mmoja: wasifu umetimia, wala hapana kilichozidi. Kutoka kwa wanamuziki neno likahamia kwa wanasiasa, ambako lilikuta makao yaliyokwisha kutandikwa zamani.

Si kwamba lugha yetu ilikuwa fukara kabla ya hapo. Tulikuwa na mdoezi, anayenusa pilau ya jirani akatokea kwa bahati saa ya kutandikwa mkeka. Tulikuwa na mpambe, na barakala, na vitenzi kujikomba na kujipendekeza, ambavyo hata leo havijachoka. Lakini mdoezi hula akaondoka, na mpambe huweza kuwa na shamba lake mwenyewe. Chawa peke yake ndiye anayelala pale pale anapokula.

Wasomaji waliokuwa na akili timamu baada ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, watakumbuka kwamba zama zile nazo zilikuwa na mdudu wao, naye ni huyo kupe niliyemtaja. Kupe wa hotuba na wa magazeti alikuwa kabaila, bepari, mwenye nyumba za kupangisha, mtu anayenenepa kwa jasho la wenzake. Na mwili ulionyonywa ulikuwa wa mkulima na mfanyakazi. Sina nia ya kuzitakasa siasa za wakati huo, kwani jina la kupe nalo lilitupwa ovyo, likawaangukia wachuuzi wadogo, likawaangukia vijana waliokimbilia mjini wakakosa kazi, na wengine likawaangukia kwa sababu ya asili yao tu. Hata hivyo, maana yake ya msingi ilikuwa dhahiri: anyonyaye yuko juu, anyonywaye yuko chini. Katika tusi la chawa mambo yamepinduka. Mwenye mali ndiye mwili, mwili mtukufu wenye damu ya kutosha, na asiye na kazi ndiye mdudu. Kwa muda wa nusu karne na ushei tusi letu la siasa limegeuza uso, likaacha kumtazama bwana likamtazama mtumishi wake, na bwana amebaki na daraja ya mgonjwa, mtu wa kupewa pole kwa kuwashwa.

Na hapo ndipo tusi hili, pamoja na uzuri wake wote, linaposema uongo. Chawa wa nywele hakualikwa. Hakuna mwenye kichwa aliyekwenda sokoni kumtafuta. Huyu wa watu ameitwa, amelishwa, amepewa fulana na nauli, na pengine gari, kwa kuwa mwenye kichwa anahitaji kushangiliwa na anajua bei ya shangwe. Amefugwa. Anayemtukana aliyefugwa akanyamaza juu ya mfugaji amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Matumizi mabaya ya pili ni ya kawaida zaidi, nami nitayapitia kwa mfano. Tuseme abiria amepanda treni ya umeme iliyoanza safari baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, akaandika mtandaoni kwamba imeondoka kwa saa yake, kiti kilikuwa safi, na amefika mapema kuliko alivyowahi kufika kwa basi. Jibu la kwanza linalomjia ni neno moja: chawa. Aliyejibu angeweza kuuliza reli ile imegharimu kiasi gani na mkopo wake utalipwa na nani. Angeweza kuuliza habari za siku ambayo umeme ulikatika na abiria wakakwama njiani. Angeweza hata kusema kwamba yeye alipanda treni hiyo hiyo na kiti chake kilikuwa kichafu. Yote hayo ni hoja, na hoja hudai jibu. Neno lake halidai jibu, kwani mtu hawezi kuthibitisha kwamba hakulipwa. Nani aliyewahi kupewa stakabadhi ya fedha asizozipokea? Abiria yule, aliyesema alichokiona, safari ijayo atanyamaza, na uwanja utabaki kwa wale wanaolipwa kweli, ambao ngozi zao zimekwisha kukomaa.

Wala kusifu si aibu yenyewe kwa yenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alisimama na Mazrui katika ugomvi wao na Lamu na Unguja, akawatetea kwa mashairi yaliyokuwa silaha, na mpaka leo hakuna mwenye insafu anayemwita kwa jina hilo la mdudu. Alikuwa akiutetea mji wake, na mji wake ulikuwa hatarini.

La tatu ni jambo ambalo watukanaji hawakulitarajia: waliotukanwa walilipenda tusi. Wako leo wanaojiita chawa wa fulani mbele ya vipaza sauti, kwa fahari, kama watu wa kale walivyojinasibisha na kabila au mji. Na neno lililokusudiwa kuwatia haya likawa cheo, na cheo kikawa njia ya kupata kazi. Wengine husema huo ni ushindi, kwamba wanyonge wamemnyang'anya adui fimbo yake. Siafiki. Tusi linapotekwa na waliodharauliwa kwa rangi au kwa nasaba yao, ambazo si kosa, pana ushindi. Lakini linapotekwa na watu waliotukanwa kwa tendo walilolichagua, kilichotekwa ni ile haya iliyokuwa ikiwazuia wengine wasilitende. Mtu mzima akisema hadharani kwamba yeye ni chawa, mdogo wake anayetafuta riziki amekwisha kuelekezwa njia.

Kuna hatari ya nne, ambayo sitaki kuitia chumvi. Jirani zetu wa Rwanda waliitwa mende, inyenzi, jina ambalo tangu miaka ya 1960 lilitumiwa kwa wapiganaji waliotoka uhamishoni, kisha redio RTLM na gazeti la Kangura vikalieneza hata likawafunika Watutsi wote, na yaliyotokea mwaka 1994 hayahitaji kusimuliwa hapa. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi ya redio na gazeti hilo; rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachilia. Chawa si inyenzi: hulengwa kwa mwenendo wa mtu na si kwa uzawa wake, na tofauti hiyo ni kubwa. Ila nimekwisha kuona likielekezwa kwa wilaya nzima na kwa kabila zima, na hapo ndipo tofauti inapoanza kuyeyuka.

Mmoja wa waandishi wa toleo hili, nilipomrudishia makala yake ili apunguze matumizi ya neno hilo, alinijibu kwa barua kali ambayo lazima niikiri kuwa na nguvu. Anasema kwamba mhariri anaota mchana. Mwaka 2016, aniambia, mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu aliyemwita Rais bwege mtandaoni, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ikamwamuru alipe faini ya shilingi milioni 7 au aende jela miaka 3. Basi mnyonge anayemtukana chawa anajua fika kwamba mwenye kichwa ndiye mkosa, ila huyo wa pili ana bei, na wa kwanza ni wa bure. Kila msomaji mwenye akili, anaendelea, akisikia chawa hukitazama kichwa. Tusi hilo ni njia ya kumsema bwana bila kumtaja, kama khanga zilivyofanya kazi hiyo kwa wanawake wa pwani miaka mingi, na mwenye kuliondoa anawaondolea watu mlango wa uani.

Ningelikubali hilo lote laiti ningeona kweli macho yakipanda. Ninachokiona ni kwamba yameishia kwa kijana wa begi, naye kesho akiachwa na bwana wake hutukanwa kwa kuachwa vilevile, ilhali bwana amekwisha kuajiri mwingine. Khanga hupelekwa kwa mlengwa, naye aisomapo hujijua. Chawa hutamkwa mbali na mlengwa, mara nyingi na watu wanaotaka nafasi ile ile.

Tuliafikiana, mimi na yeye, kwamba neno libaki katika makala yake kila pale alipomwonyesha mlipaji na namna ya malipo, na liondoke pale liliposimama peke yake badala ya ithibati. Yeye anadai kuwa nimemkata ulimi, na barua yake, isiyopunguzwa hata nukta, imechapishwa mara baada ya makala hiyo.