Kitabu Nacho Kina Haki ya Kusikilizwa

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana kutoka Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Haukupita muda mrefu ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Lawama ilikuwa ya maadili: msichana wa kitabuni anatembea na wanaume ovyo, anatoa mimba, mwisho anajiua, na mwandishi ameyaeleza hayo bila kuyafunikafunika. Yote yamo kitabuni, hakuna aliyemsingizia Kezilahabi. Lakini kuna jambo jingine limo, tena limewekwa mapema, mahali ambapo hata msomaji mvivu hawezi kulikosa. Rosa yuko nyumbani kwao Namagondo. Kijana aitwaye Charles amemwandikia barua, na barua hiyo inaangukia mikononi mwa Zakaria, baba yake, mtu mkali kwa watoto na dhaifu mbele ya pombe. Zakaria anampiga binti yake vibaya. Baada ya hapo Rosa anakua akiwaogopa wanaume, hajui kuzungumza nao wala kuwakatalia, na siku anapokuwa mbali na mkono wa baba hana silaha yoyote ya kujikingia. Kezilahabi hakutuachia fumbo gumu la kufumbua. Kuanguka kwa Rosa kumeandaliwa na kipigo kile.

Tumtazame Zakaria kidogo, maana katika tukio lile yeye ni msomaji. Ameshika maandishi ya mtu mwingine, ameyapitia, ameelewa kila neno. Kisichokuwepo ni nia ya kutaka kujua. Hamuulizi binti yake huyu Charles ni nani, barua imekujaje, wala yeye Rosa anaionaje. Hukumu ilikuwa tayari moyoni mwake, na barua ilikuja kuwa kisingizio cha kuitekeleza. Waliokifungia kitabu walikisoma kwa namna iyo hiyo: walikusanya kurasa zenye aibu, wakaziacha zile zinazoeleza aibu hiyo ilitoka wapi. Riwaya iliyokuwa ikiwaonya wazazi juu ya malezi ya vitisho ikachapwa kama alivyochapwa Rosa.

Naliweka mbele tukio hili kwa sababu tunapozungumzia usomaji katika nchi zetu, mazungumzo huishia kwenye hesabu. Tunaambiwa watu hawasomi, maktaba ni chache, vijana wanapenda simu kuliko vitabu. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini yanamfanya msomaji mwema aonekane kuwa ni yule aliyesoma vitabu vingi. Mtu anaweza kumaliza rafu nzima na asiwe amemsikiliza mwandishi hata mmoja. Ninavyoona mimi, wema wa msomaji uko kwenye haki. Anakaa na kitabu kama mzee wa baraza anavyokaa na mlalamikaji: anamwacha aseme hadi mwisho, anauliza pale asipoelewa, na hukumu anaichelewesha mpaka shauri lote limesikika. Kukubali au kukataa kunakuja baadaye, na hapo ana uhuru wote.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya kulinda mila na maadili. Mzazi mwenye busara atasema, na kwa haki kabisa, kwamba si kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Mtoto wa miaka tisa hana ulazima wa kusoma anachosoma mtu mzima, na serikali ina wajibu wa kuangalia kinachoingia darasani. Sina ubishi na hilo. Ubishi wangu uko kwenye namna uamuzi unavyopokelewa na sisi wananchi. Marufuku ikitangazwa, picha za kurasa mbili tatu huzunguka kwenye simu, watu hulaani au hushangilia, na ni wachache mno wanaotafuta kitabu chenyewe wakione. Anayekiunga mkono kitabu bila kukisoma na anayekilaani bila kukisoma wamekosa jambo moja. Mlinzi wa maadili ndiye anayepaswa kusoma kwa makini kuliko watu wote, kwa sababu uamuzi wake unawanyima wengine nafasi ya kujisomea.

Kuna maandishi yaliyodhulumiwa muda mrefu zaidi kuliko Rosa Mistika. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na miaka michache baadaye alifariki. Utendi huo leo unajulikana kwa jambo moja: kumfundisha mke kumtii na kumhudumia mume. Wako wanaoutaja harusini ili kumnyamazisha bibi harusi. Wako pia wasomi wanaoutaja kama kielelezo cha mwanamke aliyekubali utumwa wa ndoa. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote, lakini yanasoma beti zilezile chache na kuziacha zilizobaki. Hata toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 lilibandikwa jina la Kiingereza linaloueleza utendi kuwa ni ushauri juu ya wajibu wa mke, na kwa miongo mingi wasomaji wa nje wameingia kupitia mlango huo mwembamba.

Ukiusoma kuanzia mwanzo unakutana na kitu kingine. Jambo la kwanza ambalo mama anamwomba binti yake ni asogee karibu akiwa na wino na karatasi. Yaani huyu ni binti anayejua kuandika, katika pwani ya Lamu na Pate, katikati ya karne ya 19, na mama yake anamwona kuwa ndiye wa kukabidhiwa maneno yake ya mwisho. Halafu mama anamwahidi vitu vya thamani: hirizi ya kuifunga kwa uzi, kidani cha lulu na marijani. Mapambo hayo ni nasaha zenyewe. Anapofika kwenye habari ya radhi anazitaja tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mume ni wa tano, nyuma ya mama. Kuna mafundisho ya dini, kuna adabu ya kuishi na watu, kuna kuwasaidia maskini, kuna kumbukumbu za ndoa yake mwenyewe, na kuna dua ndefu ya mama anayejua kwamba anaondoka. Beti za utii zimo, tena nyingine ni nzito kwa masikio ya leo, na msomaji mwadilifu hatajifanya hazipo. Lakini zikisomwa ndani ya utendi mzima zinakuwa sauti ya mjane anayemtafutia binti yake usalama katika jamii ambayo mwanamke asiye na baba wala mume alikuwa na mahali pachache pa kushika. Unaweza kuyapinga mafundisho hayo baada ya kusoma hivyo. Utakuwa unampinga Mwana Kupona mwenyewe, na upinzani wako utakuwa na uzito kuliko wa yule anayempinga mwanamke wa kubuni aliyechongwa kwa beti sita.

Hapa nitajibiwa kwamba namfunga msomaji mikono. Maandishi yakishatoka, watasema, si mali ya mwandishi tena. Kila kizazi kinasoma kwa macho yake, na bibi harusi wa leo hawajibiki kumwelewa mjane wa 1858. Hoja hii ni nzito, na sijui aliyeielewa vizuri kuliko Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile wake anatoa neno la kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, pamoja na ahadi ya maji yatakayozuia risasi, na neno hilo linakua mpaka linamzidi yeye aliyelitoa. Mwishoni, akiwa mikononi mwa maadui, anatakiwa aseme kwamba maji ni uongo. Anakataa. Anajua kwamba neno limeshazaliwa, litaishi, na haliko tena chini ya amri yake.

Basi Hussein ameshuhudia upande wa wapinzani wangu: neno lina safari yake. Ila tuitazame njia linayopita neno lile ndani ya tamthilia. Kinjeketile anataka watu waungane kwanza na wasubiri. Baadaye yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, anapotambua kwamba unabii uliompitia unawapeleka watu wake kutoka mikononi mwa Mjerumani kwenda chini ya Sultani wa Zanzibar. Waliomsikia walichukua walichokitaka, ile ahadi ya maji kuzuia risasi, wakaliacha lile la kusubiri, na vita vikaanza kabla ya wakati. Wanaokufa ni wale waliolisikia neno nusu. Kwa hiyo uhuru wa msomaji naukubali wote, pamoja na uhuru wa kuona katika kitabu jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Nisichokikubali ni kuuita uzembe wa kutosikiliza kuwa ni uhuru. Hussein mwenyewe alichukua tahadhari ya kuwaeleza wasomaji kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha sanaa, wala si yule Kinjekitile Ngwale wa historia. Anayekwenda kuinukuu tamthilia kama hati ya kumbukumbu za vita hajatumia uhuru wowote. Amekosea tu, na kosa lake linaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Kama tunataka kujua tabia hii ya kusikia nusu inalelewa wapi, tuangalie darasa la fasihi. Mwanafunzi wa sekondari Kenya au Tanzania hukutana na riwaya akiwa na mwongozo pembeni, na wengi hukutana na mwongozo peke yake. Ndani yake mhusika amekatwa vipande: mlevi, katili, mbinafsi, mwenye tamaa, na kila sifa imepewa mfano mmoja wa kukariri. Swali la dondoo linajulikana hata kabla ya mtihani: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne, na jibu ni nani amesema, anamwambia nani, wakiwa wapi, kwa sababu gani. Swali lenyewe si baya. Muktadha ndio hasa ninaoupigania hapa. Tatizo ni kwamba majibu manne yanakaririwa bila kitabu kufunguliwa, na mwanafunzi anatoka na alama zake akiamini kwamba amesoma. Akiwa mtu mzima atafanya vilevile kwa hotuba ya mbunge, hukumu ya mahakama, aya ya kitabu kitakatifu na habari za gazeti hili: atatafuta mstari mmoja wa kushika na kuondoka nao.

Wapo watakaosema kwamba usomaji wa namna hii ni wa watu wenye nafasi. Kitabu ni ghali, mwalimu ana darasa la wanafunzi wengi kuliko madawati, mzazi anarudi nyumbani usiku amechoka. Ni kweli, na kitabu kuwa ghali ni aibu yetu sote ambayo haiondoki kwa mahubiri ya kupenda kusoma. Lakini usomaji ninaousema hauhitaji vitabu vingi. Unahitaji kimoja kisomwe chote, halafu kirudiwe. Utendi wa Mwana Kupona una beti mia moja na kidogo, unasomwa ukamalizika jioni moja, na darasa lenye nakala moja linaweza kuusikiliza wote ukisomwa kwa sauti, kama tendi zilivyokuwa zikisomwa barazani na majumbani muda mrefu kabla ya kuwapo mtihani wa taifa. Yule asiye na muda wa vitabu kumi asihukumiwe kwa tisa alivyokosa. Akisome vizuri kile kimoja.

Ombi langu ni kwa watunga mitihani na walimu wa Kiswahili. Wekeni kila mwaka walau swali moja lisiloweza kujibiwa kwa mwongozo: mpeni mwanafunzi tukio la barua ya Charles, mwulizeni Zakaria angepaswa kuuliza nini kabla ya kuinua mkono, na alama mzitoe kwa yule anayejenga jibu lake kutoka kitabu kizima, hata kama jibu hilo halimo kwenye orodha yenu ya kusahihishia. Na ninyi wazazi, mkisikia kitabu cha mtoto wenu kimelaumiwa, kitafuteni mkisome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Mwana Kupona alikwisha kuliomba jambo hili. Kuelekea mwisho wa utendi wake anawaita wanawake wote, anawaambia wasome, tena wafahamu maana, ili wasije wakabeba lawama mbele ya Mola.