Ukifika kwa Wamasai, omba kwanza ndipo upige picha

Wazazi wenzangu, msimu wa karafuu hapa Pemba tunaujua. Mama yuko jamvini anaanika karafuu, kanga imemteleza begani, mara gari la watalii linasimama na kamera inachomoza dirishani. Kabla hajajifunika, picha imeshapigwa na gari limeshaondoka. Jioni nzima ni manung'uniko: "Hata salamu!"

Manung'uniko hayo ni ya haki. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Familia na skuli zetu zinapokwenda Bara kutembelea Ngorongoro, wapo vijana wetu wanaowafanyia Wamasai yale yale. Mmasai anapita na ng'ombe wake, wao wameshamwelekezea simu. Usiku picha iko WhatsApp, na chini yake maneno ya mzaha kuhusu masikio yake au shuka lake.

Tuwaeleze watoto kabla ya safari. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa watu, mifugo na wanyamapori kukaa pamoja. Boma wanaloliona njiani ni nyumba ya watu, si sehemu ya maonyesho.

Yako maboma yanayopokea wageni kwa kiingilio. Muulizeni mapema kiongozi wa safari kama kiingilio hicho kinajumuisha picha, na fedha zinamfikia nani. Nje ya maboma hayo, makubaliano ni ya mtu na mtu. Kama kuna malipo, yatajwe kabla ya picha, si baada.

Sisi tunacho ambacho watalii wengi wa Ulaya hawana: lugha. Wao huomba kwa ishara, mtoto wetu anaweza kusema, "Shikamoo mama, naomba kukupiga picha." Akikataliwa, aseme ahsante na airejeshe simu mfukoni, wala asijifiche nyuma ya gari akapiga kwa mbali. Akikubaliwa, amwonyeshe picha yenyewe, na kabla ya kuituma popote aombe ruhusa ya hilo pia. Mtoto mdogo asipigwe bila idhini ya mzazi wake. Aliye uchi asipigwe kabisa.

Adabu hii haifundishwi ndani ya basi. Mtoto aliyezoea kumwomba ruhusa bibi yake kabla ya kumpiga picha hatopata tabu bomani. Tuanzie hapo.