Keshia hahitaji kuona majibu yangu

Wasee wa Kenol, tuongee ukweli. Ukipimwa damu, keshia anahitaji bei tu. Anayepima anahitaji namba ya sampuli. Majibu ni yako na daktari. Sasa maabara ikiwa na paswadi moja ya wote, siri iko wapi?

Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza data za watoto wa shule wenye VVU zikusanywe. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, majina yafichwe. Sheria ya 2019 nayo inaita habari za afya data nyeti.

Usiniambie “tunaaminiana”. Kenol ni ndogo, mushene hufika stejini kabla yako. Kila mfanyakazi apewe paswadi yake, aone ya kazi yake tu. Kabla hujatoa mkono udungwe, uliza: nani ataona majibu?