Barua kwa Wana Songea: Vita Vilitupangia Kazi

  

Kila Februari 27, siku ya kuwakumbuka mashujaa wetu wa Majimaji, inapokaribia mnanitumia picha za maandalizi pale Makumbusho ya Majimaji: mashada ya maua, ngao na mikuki, vikundi vya ngoma ya lizombe vikifanya mazoezi. Nazitazama kwa fahari. Lakini safari hii nina neno la kuwaambia, nalo limenijia kutokana na mji ninaoishi huku Ujerumani, Leipzig.

Upande wa magharibi wa Leipzig kuna majengo marefu ya matofali mekundu ambayo wenyeji huyaita Spinnerei. Kilikuwa kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, kilichoanzishwa mwaka 1884, mwaka uleule ambao Carl Peters alizunguka Usagara na karatasi zake za mikataba. Kilikua mpaka kikawa kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika bara la Ulaya. Siku hizi mashine zimeondolewa na wachoraji wamepanga vyumba humo. Uani bado zipo reli zilizopitisha mabehewa ya marobota, zimezama kati ya mawe. Nimesimama juu ya reli hizo mara nyingi, kwa sababu baada ya Vita vya Majimaji kampuni ya kiwanda hiki ilifungua mashamba yake yenyewe ya pamba kwetu, upande wa Saadani.

Viwanda vya Ujerumani wakati huo vilikula pamba ya Marekani. Bei ilipopanda na kushuka huko, wafanyakazi wa Saxony, jimbo la Leipzig, walikosa kazi na matajiri wakalia serikalini wapatiwe pamba ya makoloni. Kilio hicho ndicho kilichofika Umatumbi na Uzaramo kama amri. Mwaka 1902 Gavana von Götzen aliagiza kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja, watu watoke majumbani mwao wakalilime. Mkoani Dar es Salaam wapo waliolima msimu mzima wakaishia kupewa senti 35 kila mmoja, na wengine walikataa hata kuzipokea. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba shambani. Vita vikaanza hivyo, kwa mkono wa mkulima kwenye mche. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa na kuwaambia kuwa ni wamoja, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, siku chache tu baadaye.

Kwetu Ungoni pamba haikuwa kiini. Wazee wetu walikuwa na yao: kodi ya nyumba iliyotakiwa kwa fedha taslimu, kazi za shuruti bomani, na dharau iliyoanza mwaka 1897 pale Luteni Engelhardt alipowaita wakubwa wa Kingoni kama kwa mazungumzo kisha akawazuia. Maji yalipofika Septemba 1905, Nkosi (chifu mkuu) Mputa Gama wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope waliingia vitani. Nduna (chifu msaidizi) Songea Mbano aliingia, na Mkomanile, nduna mwanamke, aliingia. Tuseme na ukweli mwingine ambao hatupendi kuutaja siku za sherehe: babu zetu wa Kingoni walikuja kutoka kusini wakiwa watekaji, na Wandendeule na Wamatengo walikuwa na kila sababu ya kukataa kusimama nao. Kwamba wapo waliosimama ni jambo kubwa kuliko yote ya mwaka ule. Mtu wa Kilwa na mtu wa Songea, ambao jana yake hawakuwa na habari wala shida ya kujuana, walikufa kwa neno moja.

Mnayajua yaliyofuata. Februari 27, 1906, zaidi ya watu sitini walinyongwa kwa siku moja pale mjini na kuzikwa katika kaburi moja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye akazikwa peke yake, na wazee wamesimulia tangu hapo kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikaletwa huku Ujerumani. Wazungu waliokufa katika vita vyote walikuwa 15. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikiri vifo 75,000 vya watu wetu; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Kapteni von Wangenheim aliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayomaliza vita, na jeshi likafanya hivyo hasa: maghala yalichomwa, mahindi yakafyekwa yangali machanga, mbegu zikachukuliwa.

Vita hivyo vilizaa utambulisho wetu, na hilo tunalisherehekea ipasavyo. Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alivitaja kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuukubali kamwe utawala wa kigeni, na TANU ikachagua kudai uhuru kwa maneno kwa kuwa nchi ilishajua bei ya kudai kwa silaha. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa hai bado. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatupa tamthilia ya Kinjeketile, tukaisoma shuleni. Uwanja wetu wa mpira unaitwa Majimaji, timu yetu inaitwa Majimaji, na mji wenyewe una jina la nduna aliyenyongwa. Sijui mji mwingine Tanzania ambao umeivaa historia yake hivi.

Ila vita vilitufanyia jambo la pili, ambalo hatulisherehekei wala hatulifundishi: vilitupangia kazi.

Hesabuni nami. Njaa ilipopita, Ungoni ilikuwa na wajane, watoto, ardhi isiyo na mbegu na kodi palepale. Mwanamume aliyetaka fedha ya kodi alikuwa na njia moja, miguu yake. Ndipo kizazi baada ya kizazi kikaenda mkonge, Tanga, Korogwe, Morogoro. Kufikia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao rasmi ya kukusanya watu, SILABU, na Songea ilikuwa ghala lao la wanaume. Babu yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkonge. Kadi yake tuliikuta kwenye sanduku la mbao chini ya nguo: karatasi ngumu ya rangi ya udongo, imechorwa visanduku 30, kila kisanduku siku moja ya kazi iliyokamilika, na alama ya kalamu ya nyapara ndani yake. Visanduku vitatu havikuwa na alama. Bibi aliniambia kadi isiyojaa haikulipwa, mtu anaimaliza kwanza. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kadi ile na kaburi lile la walionyongwa pale mjini ni habari moja.

Tumbaku ya moshi nayo ilikuja katika nchi hiyohiyo iliyochoka, na wakulima wetu, kwa akili yao, wakaipokea na kuifanya mali. Mwaka 1936 kikasimama chama cha ushirika cha NGOMAT, cha Wangoni na Wamatengo pamoja, tumbaku huku na kahawa kule Umatengo. Watoto na wajukuu wa watu waliokuwa na kisa cha kuchukiana walipima mazao yao kwenye mzani mmoja. Kwangu mimi NGOMAT ni tunda la Majimaji sawa na TANU, na linastahili shada lake la maua. Peramiho pia ni sehemu ya habari hii: misheni iliyochomwa moto Septemba 1905 ilijengwa upya, ikawa na karakana, shule ya ufundi na hospitali, na mafundi seremala wengi wa mkoa wetu wamepita huko.

Ipo pia ardhi. Upande wa mashariki vita na njaa viliacha sehemu kubwa bila watu, pori likarudi na mbung'o wakarudi, na Waingereza wakaitangaza na kuipanua kuwa Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa pori hilo usogezwe ili eneo la urani la Mto Mkuju, Namtumbo, litoke nje ya hifadhi. Makaa ya mawe ya Ngaka, Mbinga, yanachimbwa na malori yake mnayaona barabarani. Kwa hiyo viwanda vya dunia vimerudi tena kutuulizia kilicho ardhini, kama vilivyouliza mwaka 1902. Sisemi vifukuzwe. Nasema mji wenye jina la Songea usiwe wa mwisho kusoma mkataba.

Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo makumbusho, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, akaomba radhi na kuahidi msaada wa kukitafuta kichwa cha nduna. Nilimtazama kwenye simu huku nikilia. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin, katika mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, walibaini 202 kuwa ya Tanzania, na baadhi wakayaunganisha na jamaa zao walio hai Kilimanjaro kwa vinasaba. Kwa hiyo kazi hii inawezekana, na sisi tulio huku tutaendelea kubisha hodi kwenye ofisi zao. Hilo tuachieni.

Ombi langu kwenu ni la upande wa pili. Fungueni masanduku. Kadi za manamba, vitabu vya NGOMAT, stakabadhi za tumbaku, barua za kutoka Korogwe: msizichome wakati wa kufanya usafi wa msiba. Zipelekeni makumbusho, na mwombeni mhifadhi azipe chumba chake, hatua chache kutoka kwenye sanamu za manduna. Na Februari 27, kabla ngoma hazijaanza, mpeni nafasi mzee mmoja aliyekata mkonge na mama mmoja mkulima wa tumbaku wasimame wazungumze mbele ya wanafunzi. Wanaoikumbuka kazi ile wamebaki wachache, na mwaka ujao watakuwa wachache zaidi.

Wasalaam,
Mwenzenu, Leipzig