Ukijua Kila Kitu, Watakulipa Kama Mtu Mmoja

Swali ninaloulizwa sana huku mtaani ni moja tu: "Buda, ninunue kamera gani?" Na jibu langu huwa linaudhi watu. Nunua maiki.

Mimi nimekulia Umoja. Fungua dirisha saa kumi na moja jioni uskie: mathree zinapigana honi pale Mutindwa, mhubiri ameweka spika mbili kando ya barabara, fundi wa milango anakata chuma, na mvua ikianza, mabati yanamalizia kazi. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha safi kabisa. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti ikiwa mbaya anatelezesha kidole na amekwenda. Kwa hivyo maiki kwanza, kamera baadaye.

Lakini leo sitaki kubishana kuhusu vifaa. Nataka tuongee kuhusu ile kitu tunajisifu nayo sana huku Eastlands, ya msee mmoja kuandika, kupiga, kuhariri, kuchora posta na bado kuipandisha mtandaoni. Mimi ni mmoja wao. Na naamini ni lazima ujifunze zote. Ila kuna mtego ndani yake ambao hakuna mtu aliniambia.

Kwanza tuache uongo. Hatukujifunza vitu vingi kwa sababu tuna vipaji vingi. Tulijifunza kwa sababu hatukuwa na pesa ya kulipa watu. Nilianza kama mpiga kamera pekee, kazi za harusi na mazishi, halafu nusu ya pesa inaenda kwa jamaa wa kuhariri. Mwezi mmoja nikafanya hesabu nikaona namtajirisha mtu na mimi bado naomba mathe nauli. Nikapakua DaVinci Resolve, ile ya bure, na mwenye saiba ya chini ya ploti yetu akaniruhusu kukaa kwa mashine yake usiku baada ya kufunga. Miezi saba hivyo. Macho yalikuwa mekundu mpaka jirani akaniuliza kama nimeanza kutafuna miraa.

Na hapo ndio nilijifunza kitu cha maana. Nilipoanza kuhariri ndio nikajua kumbe sijui kupiga kamera. Nilikuwa nakata picha kabla mtu hajamaliza kugeuka. Nilikuwa sirekodi sauti ya mahali penyewe, ile kimya yenye kelele kidogo ambayo unaihitaji kuziba mapengo. Sikuwa na picha za mikono, za viatu, za mlango. Mtu aliyekaa kwa kiti cha kuhariri saa nane usiku akitafuta picha ambayo haiko, kesho yake anashika kamera tofauti kabisa. Na ukianza kuandika hadithi mwenyewe, unagundua kazi nyingi za kuhariri zilikuwa za kurekebisha wazo ambalo halikuwa na kichwa wala miguu tangu mwanzo. Kila ujuzi unakosoa mwingine. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kujua vingi, na haina uhusiano na kuokoa pesa.

Hii si kitu tumevumbua sisi. Kabla hatujazaliwa, watu wa Riverwood walikuwa wanatoa filamu pale River Road kwa bajeti ya chai, mtu mmoja akivaa kofia nne. Halafu 2018 Ethic, vijana wa huku huku Umoja, wakatoa Lamba Lolo, na gengetone ikalipuka. Ochungulo Family, Sailors, Boondocks Gang wakafuata. Nilikuwa bado shule, lakini nakumbuka ghafla kila mbogi ilitaka video, na waliitaka wiki hiyo hiyo. Mimi naona ile miaka ndiyo ilifundisha mtaa kupiga video haraka. Hakuna aliyengoja kampuni ya Westlands imletee taa.

Taa zenyewe unatengeneza. Balbu za LED unanunua Luthuli Avenue, stendi unachomewa Kariobangi Light Industries na fundi ambaye hajawahi kuona stendi ya taa lakini ukimchorea kwa karatasi anaelewa, kitambaa cheusi cha nyuma unachimba Gikomba. Yangu imekaa miaka mitatu sasa. Ni nzito kama jiko, lakini imesimama.

Sasa mtego.

Kampuni moja ya mjini ilinipigia simu wakitaka video ya mechi za vijana pale Camp Toyoyo, Jericho. Nikawaambia elfu kumi na nane. Nilifurahi kama mjinga. Kumbe waliposikia naweza kuandika pia, wakasema niandike. Waliposikia najua posta, wakaongeza posta. Halafu matoleo matatu ya wima. Halafu maandishi ya chini kwa lugha mbili. Kila wakati nilisema "hakuna shida," kwa sababu nilitaka waone mimi ni mkali. Lenzi ya kukodi ilikula 3,500, nauli na bando na chakula 2,000. Zikabaki 12,500 kwa kazi ya siku kumi na moja. Gawa mwenyewe. Ni kama 1,136 kwa siku.

Fundi wa mawe aliyekuwa anajenga nyuma ya kwetu nilipomwambia hiyo hesabu alicheka hadi akaketi. Yeye hulipwa zaidi ya hiyo. Na hakuna mtu humwambia eti kwa sababu anajua kupiga plasta, basi aipige bure.

Lakini pesa haikuwa ndiyo iliniuma zaidi. Miezi mitatu baadaye, nikiwa kwa mathree, naona tangazo lingine kabisa la kampuni hiyo na ndani yake dogo mmoja wa Jericho anafunga viatu. Ni picha yangu. Dogo alikubali nimpige kwa sababu ananijua, na sikuwa nimemwambia inaweza kwenda mbali hivyo. Hiyo ni juu yangu, na nilienda kumwomba msamaha yeye na nyanya yake. Kampuni nilipouliza, waliniambia, "Si tulikulipa?"

Na sheria iko upande wao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31: kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma hayo maneno ya mwisho mara mbili. Ukurasa mmoja wa mkataba unasema picha ambazo hazikutumika ni zako, au zinatumika kwa kazi hii pekee, na mambo yanabadilika. Mimi nilijua programu nne za kuhariri na sikujua hicho kifungu kimoja.

Siku hizi kila ujuzi una mstari wake kwa invoisi. Kuandika, mstari. Siku ya kupiga, mstari. Sauti, mstari. Kuhariri, mstari, na marekebisho mawili pekee ndani yake. Posta, mstari wake. Nusu ya pesa inaingia kabla sijatoa kamera kwa begi. Na kodi naipigia hesabu mapema, kwa sababu Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka zuio la asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya dijitali (mswada ulikuwa unataka 15, tukapiga kelele). Nimepoteza wateja kwa hii tabia? Ndiyo, watatu. Mmoja alirudi.

Kitu kingine nimebadilisha: si kila ujuzi lazima uwe wangu. Droni, kwa mfano. Wasee wanarusha tu juu ya estate kama tiara. Tangu kanuni za 2020, droni inasajiliwa na kupewa kibali na mamlaka ya usafiri wa anga, na sisi huku tunaishi karibu na kambi ya jeshi la anga ya Moi, pale Eastleigh. Kwa sekunde sita za mapaa ya Buruburu sitaki kueleza mwanajeshi kuwa mimi ni mbunifu. Nalipa mwenye kibali, naandika mstari, mteja anaona bei, akishtuka tunatoa hiyo picha. Mara nyingi video haiharibiki hata.

Kuna wenye wataniambia kwamba kijana anayeanza hana nguvu ya kudai haya yote, akikataa kazi wengine kumi wako nyuma yake. Ni kweli, nilikuwa hapo. Basi fanya ile kazi ya bei ya chini, lakini bado andika mistari yote, na pale umempunguzia mteja, aone umempunguzia kutoka ngapi. Akirudi mara ya pili hatasema "ile video ya elfu kumi na nane." Atajua aliona bei gani kwenye karatasi.

Jumamosi hii tunapiga video ya kinyozi mmoja Kayole. Dogo wa ploti ya pili, ambaye alikuwa ananisumbua na maswali ya kamera, ndiye anashika maiki. Kwenye invoisi amekaa mstari wa tatu: sauti, 2,000. Amenitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama ni ukweli.