Mtambo Mgeni Katika Vita vya Chai

Vijana wengi wa shule hupenda hadithi za mitambo itokayo katika nyota za mbali. Katika hadithi hizo roboti, yaani mtu wa chuma asiye na damu wala huruma, huanguka duniani kwa bahati mbaya katikati ya vita ambavyo hakuvitafuta. Majeshi mawili yanapigana. Yeye hajui chanzo cha ugomvi, hajui nani mwenye haki, wala hana habari kwamba ardhi aliyoikanyaga imelowa damu tangu zamani. Basi pande zote mbili humgeukia. Hawa humpiga kwa kumdhania adui, wale humshangilia kwa kumdhania mkombozi, naye si hili wala si lile.

Sipendi kuwanyang'anya vijana starehe yao. Napenda kuwaambia tu kwamba si lazima mtu atazame mbinguni ili aione hadithi hiyo. Imetokea katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, na pengine wewe usomaye kurasa hizi umeiona kwa macho yako mwenyewe, ukaambiwa kwamba jina lake ni maendeleo, au ukaambiwa kwamba jina lake ni uadui. Majina yote mawili yamepotoka, nami nakusudia kuyapinga yote mawili.

Kwanza na tuutazame mtambo wenyewe. Aina moja hushikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari wa michai na mwenziwe upande wa pili. Katikati yao pana meno ya chuma yanayokata, na upepo unaoyasukuma majani katika mfuko mrefu unaoburutwa nyuma. Aina nyingine ni kubwa zaidi, nayo hutembea kwa minyororo mfano wa kifaru cha jeshi. Mkono wa mchumaji huchagua majani mawili na kichipukizi chake. Mtambo hauchagui; hukata usawa wote, jani changa na jani kuukuu, na mara nyingine kijiti pamoja. Hauumwi na mgongo, haubebi mtoto, haudai mshahara mwisho wa mwezi, wala haujui kwamba yuko mtu aliyesimama mahali pale jana na kikapu mgongoni, ambaye leo ameambiwa akae nyumbani.

Lakini umeingia wapi? Hapo ndipo penye neno, na hapo ndipo wanenaji wetu wengi wanapopita mbio.

Umeingia katika nchi ambayo ilikwisha kujua mitambo migeni. Mwezi wa Juni mwaka 1905 Serikali ya Kiingereza ilipeleka kikosi cha King's African Rifles Sotik, mahali ambapo leo ni sehemu ya Bomet, chini ya Meja Richard Pope-Hennessy. Sababu iliyotajwa ilikuwa ng'ombe na mateka waliochukuliwa kutoka kwa Wamasai. Kikosi kilikuja na bunduki ya Maxim, ambayo ilimimina risasi kama mvua ya mawe. Hesabu ya waliouawa inayotajwa hata leo ni Wakipsigis wapatao 1,850, wanaume, wanawake na watoto. Miaka 7 kabla ya siku hizo, yaani mwaka 1898, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikuwa ametoa kitabu juu ya viumbe wa sayari ya Mars walioishukia Uingereza kwa mitambo ya kuua, naye akawakumbusha wasomaji wake kwamba Wazungu walikuwa wamekwisha kuwatenda wenyeji wa Tasmania vivyo hivyo. Watu wa London walikisoma kitabu kile kwa hofu tamu, kisha wakakifunika wakanywa chai. Sotik hapakuwa na kitabu cha kufunika.

Walakini angalia jambo hili. Hata bunduki ile haikuwa na kisa na Mkipsigis ye yote. Haikumjua. Aliyekuwa na kisa ni yule aliyeielekeza, na yule aliyemtuma, na yule aliyeketi ofisini akihesabu faida ya nchi yenye mvua njema na udongo mwekundu.

Reli nayo ilikuwa imekwisha kufika ziwani mwaka 1901, ikipita Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion. Jirani zetu Wanandi walipigana na wajenzi wake na walinzi wake kwa miaka mingi, mpaka Koitalel arap Samoei akauawa tarehe 19 Oktoba 1905. Sitakaa juu ya habari hiyo, kwa kuwa kila mwanafunzi ameisikia.

Habari isiyosikika sana ni ya ardhi. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Serikali ilitenga ekari 25,000 katika Kericho ili zipewe maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Fikiri vema: watu walipigana Ulaya juu ya ugomvi wa Ulaya, na walipojeruhiwa wakafidiwa kwa malisho ya ng'ombe wa Wakipsigis. Maofisa wale walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka. Mpango wao ukafa katika muda wa miaka michache. Je, ardhi ilirudi kwa wenyewe? Haikurudi. Ilipita mikononi mwa makampuni ya chai, na katika miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands, iliyokuwa ya James Finlay, zikaanza kuisitawisha michai ambayo leo wapiga picha huisifu. Tena mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuuondoa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa dini, na mamia ya watu wake wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye joto na maradhi. Mashtaka ya mambo hayo hayajazeeka: mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliyaandika, na mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai waliyapeleka mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Hivyo ndivyo vita ninavyovitaja. Risasi zilinyamaza, lakini hapana mapatano yaliyoandikwa baina ya walionyang'anywa na walionyang'anya. Kilichofuata ni kazi. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika wa Kenya alivikwa kipande shingoni ili ajulikane yu kazi kwa nani na ameacha kazi lini. Katika mwaka huo huo wa 1920 mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alitunga mchezo wa kuigiza uliolipa neno roboti kwa dunia nzima, na neno hilo lilitoka katika neno la kwao lenye maana ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo roboti ilipofika Kericho haikukuta jambo jipya. Ilikuta watu waliokuwa wamekwisha kufanywa roboti kabla yake, nayo ikaambiwa ichukue nafasi yao.

Nawasikia mawakili wa makampuni wakinijibu. Wasema bei ya chai mnadani hupanda na kushuka, mishahara inayopatanwa na chama cha wafanyakazi hupanda tu, na shamba lisilopunguza gharama litafungwa, na hapo hata kazi chache zilizosalia zitapotea. Hoja hii si ya kuchekwa. Ina ukweli ndani yake, na mtu anayeikana kabisa hajapata kuandika hesabu ya shamba. Tena sitaki mtu anipambie kazi ya kikapu. Kuchuma chai tangu alfajiri, nguo zimelowa umande, nyapara nyuma yako na mizani mbele yako, si wimbo. Mwezi wa Februari mwaka 2023 shirika la BBC lilitangaza ushahidi wa wanawake zaidi ya 70 walioteswa na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya, wakidaiwa miili yao ili wapate kazi au wasiipoteze. Mtambo haudai mwili wa mtu. Kama mtambo ungekuja kuwatua wanawake wale mzigo, mimi ningekuwa wa kwanza kuupokea kwa vigelegele.

Lakini haukuja kuwatua mzigo; ulikuja kuwatoa wao. Mjumbe mmoja wa kamati iliyoundwa na kaunti alikadiria kwamba kazi 30,000 zimepotea Kericho katika muda wa miaka kumi kwa sababu ya mitambo hii. Gharama iliyookolewa ni mshahara wa watu hao. Fedha hizo hazikuyeyuka kama umande, zilikwenda mahali. Mtu akikuambia kwamba haya ni maendeleo, usimbishie upesi. Mwulize ni maendeleo ya nani, kisha unyamaze ungoje jibu. Mara nyingi utangoja sana.

Sasa nageukia upande wa pili, ambao ni upande wa ndugu zetu, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuupinga. Mwaka 2010 wafanyakazi wa chai waligoma kwa ajili ya mitambo. Mwezi wa Mei mwaka 2023 uvumilivu ulikwisha: makundi ya vijana yaliingia katika mashamba ya Kericho yakaichoma mitambo kadhaa, polisi wakaitwa, wengi wakajeruhiwa, polisi kwa raia, na mtu akafa. Hasira yao naifahamu, wala simwiti mjinga mtu aliyeona chakula cha watoto wake kikikatwa na meno ya chuma. Walakini niambie, ni nani aliyeshindwa siku ile? Mtambo hauna uchungu. Ukichomwa huu, mwingine huletwa kwa meli. Mwenye kuuagiza yuko mbali, na moshi haukumfikia. Aliyebaki uwanjani ni polisi, mwana wa mkulima, na kijana, mwana wa mchumaji, wakitupiana mawe na risasi juu ya kitu kisichowajua wote wawili.

Wala jambo hili si geni duniani. Uingereza yenyewe, kati ya mwaka 1811 na 1816, wafumaji walivunja mitambo ya kufumia iliyokuwa ikiwapunguzia ujira. Serikali yao ilipeleka askari wapatao 12,000 kuwazuia, ikatunga sheria mwaka 1812 kwamba mvunja mtambo aweza kuhukumiwa kufa, na mwaka 1813 watu wakanyongwa katika mji wa York. Mitambo ilibaki. Kilichobadilisha maisha ya mfanyakazi wa Kiingereza miaka mingi baadaye kilikuwa vyama, kura na sheria; yaani alipopata nguvu ya kumkabili mwenye mtambo, mtambo wenyewe ukaacha kuwa adui.

Kama wanitilia shaka, huna haja ya kwenda Uingereza. Nenda Litein, au Kapkoros huko Bomet. Huko mkulima mdogo ana ekari moja au mbili, michai ni yake, na kiwanda ni chake pamoja na wenzake chini ya utaratibu wa KTDA ulioanzishwa mwaka 1964. Simwiti malaika, yeye pia huajiri wachumaji, na baadhi yao huwalipa vibaya, tena ana malalamiko yake mengi juu ya bonasi na wakurugenzi. Lakini akifikiri kununua mashine ya kukata majani, hufikiri kama mtu anavyofikiri kununua jembe au baiskeli: itanigharimu nini, itanipa nini? Senti iokolewayo hubaki nyumbani mwake. Mashine ni ile ile, na majani ni yale yale, wala kilima kile hakiko mbali na kilima hiki. Mbona kule haichomwi?

Makampuni yenyewe nadhani yameanza kulisikia swali hili. Mwaka 2024 Lipton, warithi wa mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond na baadaye Unilever, walitangaza kuyauza kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na katika habari hizo zikatajwa hisa 15 kwa mia kwa ajili ya jamii ya wenyeji. Wako waliozipokea kwa makofi na wako waliozitemea mate. Mimi nasema kumi na tano kwa mia si kitu cha kutupa, lakini pia si malipo ya Sotik, wala haifai yeyote kuziita hivyo. Nitazipima kwa jambo moja tu: siku wakurugenzi watakapoketi kuamua mitambo mingapi iagizwe mwaka ujao, je, mtu aliyetumwa na wenyeji atakuwa chumbani? Na akiwa chumbani, atakuwa na kura, au atakuwa na kikombe cha chai tu?

Viongozi wetu wanaopanda majukwaani na kuulaani mtambo hawalitaji chumba hicho, maana ni rahisi zaidi kukishutumu chuma, ambacho hakijibu wala hakipigi kura. Wewe uliye shuleni, ambaye karo yako pengine ililipwa kwa kilo za majani, utakuja kuwa karani, au mwanasheria, au mjumbe wa kaunti, au fundi wa mitambo hiyo hiyo. Hati za mashamba haya utazishika kwa mkono wako. Katika mapatano ya kukodi ardhi yatakayoandikwa siku zako, nataka pawe na kifungu kisemacho kwamba kila mtambo utakaoingia shambani utaandikwa pamoja na idadi ya watu unaowatoa kazini, na kwamba sehemu iliyotajwa ya fedha utakazookoa italipwa kwa watu hao, mwaka hata mwaka, kwa majina yao, mbele ya chama chao na mbele ya wenye ardhi ya kale. Tena kisitiwe mwisho wa hati kwa herufi ndogo.