Fimbo Juu ya Paa Haitoshi



Hapa Ntinda mvua haibishi hodi. Asubuhi jua linawaka, alasiri mawingu meusi yanakusanyika, na mara ngurumo zinatikisa madirisha. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria tunaishi katika mojawapo ya sehemu za dunia zenye radi nyingi kabisa. Walakini ukipita mitaani kwetu utaona mageti ya chuma, kuta ndefu na mbwa wakali. Tumejikinga sana na mwizi. Na radi, ni wachache waliojikinga.

Tena mwizi huyo huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Siku moja radi ilipiga nyumba ya jirani yangu. Televisheni na friji ziliungua, lipu ya ukuta ilibanduka, na mtoto wake mmoja akaangushwa chini, ila Mungu alimnusuru. Jirani alishangaa sana, kwa kuwa juu ya paa lake palikuwa na fimbo ya kuzuia radi. Fundi alipozunguka nyuma ya nyumba aliona sababu: waya wa shaba uliotoka juu kwenda ardhini ulikuwa umekatwa. Wezi walikwisha kuuchukua, na hakuna mtu nyumbani aliyejua tangu lini.

Basi maoni yangu ni haya: mwenye fimbo isiyofika ardhini hana kinga, ana pambo. Fimbo haiifukuzi radi. Kazi yake ni kuipokea na kuipa njia rahisi ya kushuka. Yapasa nyaya nene zishuke toka juu, zisipungue mbili, zifungwe kwenye vyuma vilivyozikwa ardhini, na mabomba ya maji na ethi ya umeme wa nyumba viunganishwe navyo. Njia ikikatika, umeme utatafuta nyingine katika ukuta, katika waya za taa, au katika mwili wa mtu. Na mabati peke yake si kinga. Paa la mabati lililokaa juu ya nguzo za mbao, bila waya wa kushuka, laweza kuurusha umeme kwa watu walio chini yake.

Wako watakaosema kwamba radi ni amri ya Mungu, hapana la kufanya. Wengine hutafuta mchawi. Wazee wa Buganda walimtaja Kiwanuka kuwa ndiye mwenye radi, nami siwacheki, maana walitafuta sababu kwa maarifa ya zama zao. Lakini tangu mwaka 1752, majaribio aliyobuni Benjamin Franklin wa Marekani yalipofanywa, imejulikana kwamba radi ni umeme. Mungu aliyeleta mvua ndiye aliyetupa akili ya kuezeka paa.

Wala jambo hili si la mchezo. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Walikuwa shuleni, mahali ambapo wazazi wao waliamini kwamba wako salama. Tarehe 2 Novemba 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa sala. Shule ya Runyanya baadaye ilifungiwa kinga. Je, shule nyingine zingoje msiba kwanza?

Najua kinga kamili ina gharama. Asiyeiweza leo ashike haya yasiyo na bei. Ukisikia ngurumo, ingia katika nyumba imara au gari lililofungwa. Usisimame chini ya mwembe wala kibandani. Chomoa vyombo vya umeme kabla mvua haijafika. Usioge wala kuosha vyombo wakati wa ngurumo. Kisha ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Wengi hutoka mapema, mvua ikipungua kidogo tu.

Wanafunzi, nawaomba mkirudi nyumbani mzunguke nyumba na wazazi wenu, mfuate waya kwa macho toka juu mpaka unapoingia ardhini. Fanyeni hivyo kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba. Mkiona umekatika, aitwe fundi anayejua kazi hiyo; msiushike wenyewe.

Nasi tuliomaliza shule, tunapochanga fedha za geti jipya au za sherehe, tukumbuke kwanza mabweni na madarasa. Geti zuri humfurahisha mgeni. Waya uliofika ardhini humrudisha mtoto kwa mama yake.

Mwanafunzi wa zamani,
Ntinda